Konseye wetu, kaye yake, na kolone ya tano



Niliahidi kuandika juu ya mbolea na mbegu za mahindi kabla mvua haijaanza. Itangoja kidogo. Kuna jambo lilipita mu avenyu yetu, na mimi mwenyewe nilitia mukono ndani yake, sipendi kulibeba peke yangu. Nataka kusema juu ya konseye wa komini yetu, kazi yake ya usalama, na ile anayoita "kuishi pamoja". Sitataja jina lake wala komini. Lubumbashi iko na komini saba, na ninafikiri kila mutu atamutambua konseye wa kwake ndani ya huyu wetu.

Kwanza tujue tunamuhukumu mutu wa kazi gani, juu wengi wetu hatujui. Tarehe 20 Desemba 2023 tulisimama mu mistari tangu asubui tukifikiria rais na wabunge. Kwenye mashine kulikuwa kura nne: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo, na ya mwisho konseye wa komini. Kwa ile ya mwisho wengi waligusa picha ya kwanza waliyoitambua. Yaya mumoja aliniambia alimuchagua "ule mwenye koti nzuri". Na kumbe ile kura ya nne njo ilikuwa mupya. Katiba ya 2006 ilisema mji na komini zijitawale kupitia watu wa kuchaguliwa, sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza namna ya kufanya, kisha tukachagua rais na wabunge mu 2006, mu 2011, mu 2018, na komini zikabaki paka kungoja. Mu 2023 tulipata mwanzo wa ngazi, na ni kwa makomini ya miji mikubwa ya majimbo tu.

Ninasema mwanzo wa ngazi juu sheria inaitaka iendelee. Sisi tunachagua ba konseye wa komini. Ba konseye wa komini wanamuchagua bugumestre, na wanachagua pia ba konseye wa mji. Wale wa mji njo wanamuchagua meya. Sasa kura za juu zikaahirishwa, zikaahirishwa tena. Meya na ba bugumestre wakaendelea kuwa watu wa kuteuliwa. Kwa hiyo konseye wetu alichaguliwa na watu ili amusimamie bugumestre, na bugumestre mwenyewe anajua vizuri kwamba kazi yake haikutoka kwa konseye, wala konseye hawezi kuiondoa. Mukumbuke hii mpaka mwisho wa andiko, juu sitaki kumuvunja mutu kama vile ana nguvu ambazo hana.

Na mutu mwenyewe si mubaya. Aliuza vyuma vya magari miaka mingi, anajulikana, anasalimia watoto kwa majina. Hana ofisi wala sekretere. Kashe yake anaitembeza mu mufuko wa koti. Anapenda tumwite "Onorabule", na tunamwita, haitupunguzii kitu. Mu mwaka wake wa kwanza alifanya mambo mawili ambayo ninayahesabu mazuri kabisa. Kulikuwa lupango moja isiyo na mwenyewe, majani yamefika kifuani, na wanawake waliotoka soko usiku walikuwa wanapora pale pale. Hakungoja barua ya mutu. Aliita vijana siku ya salongo, wakafyeka, akaleta mwenyewe mabati ya kufunga pale ukuta ulipoanguka. Jambo la pili, alimuleta komanda wa polisi akae kwenye kiti cha plastiki masaa mawili, asikilize tu. Sijawahi kuona polisi anasikiliza masaa mawili. Mama mumoja alimwambia mbele ya wote kwamba anaogopa bwizi, na anaogopa pia namba ya polisi ya kuita juu wanamuuliza pesa ya mafuta. Komanda aliinama chini. Ile siku nilimupigia konseye makofi kwa moyo.

Kisha ikakuja kaye.

Ilikuwa Jumamosi, kisha salongo, chini ya mwembe wa chefu wa kartie. Bwizi ilikuwa imezidi. SNEL ilikuwa inatukata karibu kila jioni, na giza likiingia mu avenyu kila mutu anafunga mulango. Watu walikuwa wamechoka, na mimi ndani yao, juu wiki mbili mbele walikuwa wamebeba kuku wangu wa mayai, 38, usiku moja, pamoja na kile kifuko cha chakula kilichobaki. Mutu mwenye lisansi ya agronomi ambaye hana kazi ya ofisi, ule mufugo njo ilikuwa kazi yake, njo kodi ya nyumba, njo kila kitu. Ninaeleza hii ili mujue nilikuwa na hasira gani nilipokaa pale.

Konseye akasimama. Akasema usalama unaanza na kujuana. Sawa. Akasema kila lupango itaandikwa mu kaye: namba, mwenye nyumba, wenye kupanga, kazi yao. Sawa. Kisha akasema: "Na kolone ya tano, asili. Tujue ni nani wa hapa na ni nani mugeni. Juu tusidanganyane, hawa bakuya-kuya njo banatuletea bwizi." Makofi yakapigwa. Akageuka kwangu: "Agronomu, wewe uko na komputa, utatupangia ile karatasi." Nikasema ndiyo, Onorabule.

Sikulazimishwa. Nilienda kwa sekretaria ya njia, nikapanga kolone tano, nikapiga fotokopi mia moja kwa pesa yangu. Nilikuwa ninafikiria kuku.

Tulipita avenyu nzima mu siku tatu, mimi na vijana wawili. Watu wengi walijibu bila shida, wengine kwa kujivuna hata: Musanga, Mubemba, Muluba wa Malemba, Murund. Shida ilianza na wale waliokuwa wanafikiria kabla ya kujibu. Mu lupango ya karibu na mwisho wa avenyu kulikuwa vijana watatu wa moto, wa kubeba watu, wote wametoka Mbuji-Mayi. Waliandikwa Kasai. Walicheka, mumoja akaniambia: "Yaya, unajua sisi beko Bakasai, unauliza ya nini?" Kiswahili chake kilikuwa bado na makosa, lakini mu mwaka moja alikuwa amekipata mu njia, bila kalasi. Kisha wiki moja, usiku, watu walikuja na ile karatasi mukononi, sijui ilitoka kwa nani, wakawabeba wote watatu mpaka kwenye kashoo. Walitoka asubui ya pili baada ya kulipa franka elfu hamsini kila mumoja. Hakuna mutu aliyewashitaki kwa kitu. Mwenye nyumba akaogopa maneno, akawaambia watafute kwengine.

Sasa sikilizeni. Hawa vijana njo walikuwa wanarudi saa tano, saa sita za usiku, na taa za moto zao, na kelele zao. Mara mbili walikuwa wamefukuza watu waliopanda ukuta wa jirani. Walipokwenda, avenyu ilibaki bila taa hata moja yenye kutembea usiku. Mu mwezi ule ule waliiba paneli ya solere kwa jirani yangu. Kuhusu kuku wangu, sikuwaona mpaka leo. Kifuko cha chakula kiliuzwa sokoni na kijana wa avenyu yetu, ambaye mu kaye ameandikwa kwa mwandiko wangu "mwenyeji". Sina ushahidi kwamba ni yeye aliyepanda ukuta. Ninasema tu kwamba kolone ya tano haikunisaidia kumutafuta.

Ilikuwa Mama mumoja wa miaka zaidi ya sabini aliyenisimamisha, na alinisimamisha siku ya kwanza ya kuandika, mimi njo sikusikia. Nilipomuuliza asili akasema:

"Andika Kenya."

Nikamwambia: Mama, hapana, siyo komini, ni asili ya wazazi.

"Njo ninakuambia, mwanangu. Andika Kenya. Nilizaliwa pale karibu na soko mu 1952. Baba yangu alitoka Kasai juu ya kazi ya treni, mama yangu Mulamba. Mu kolone yako utaniweka wapi? Utanikata mara mbili?" Akakaa kimya kidogo. "Ile ulizo nilishaisikiaka. Nilikuwa mutoto wa miaka tisa. Kisha ile ulizo tulienda kulala mu hema."

Nikaandika Kasai, juu ya baba. Ninaona haya kuandika hii sentensi.

Wadogo wetu wengi hawajui anasema juu ya hema gani, na wanafunzi wa historia mutanisamehe nikifupisha. Mji wetu ulizaliwa mu 1910 pale treni ilipofika kutoka upande wa Rhodesia, juu ya inchi ya Balamba. Union Minière na treni zilileta wafanyakazi kutoka kila upande: Zambia ya leo, Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi, na kila pembe ya Katanga. Wazungu walikaa upande wao, weusi mu site, kati yao eneo tupu la kutenganisha. Mpaka mu 1957 hakuna mweusi aliyeulizwa anataka kuongozwa na nani. Amri ya tarehe 26 Machi 1957 njo ilileta kitu walichoita katiba ya miji, na mu Desemba ya mwaka ule miji mitatu ikachagua: Léopoldville, Jadotville, na Élisabethville yetu. Wanaume tu walichagua. Mu komini nne za weusi, ni kusema Albert tunayoiita leo Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi, watu wakatoa ba bugumestre wanne. Watatu walikuwa wa Kasai, mumoja wa Kivu. Hakuna hata mumoja aliyehesabiwa mutu wa Katanga.

Ukimusoma mutu yeyote anayeeleza mwanzo wa Conakat, utakuta hii hesabu: nne kwa sifuri. Chama kile kilizaliwa Oktoba 1958, kiongozi wake wa kwanza Godefroid Munongo, kisha Moïse Tshombe, na neno lake kubwa lilikuwa kwamba "wenyeji" wamemezwa mu nyumba yao. Nataka kuwa wa haki hapa. Uchungu ule haukuwa wa uongo wote. Kampuni na misheni zilikuwa zimewapa watu fulani shule na kazi za kalamu kuliko wengine, na mutu akipata kiti analeta ndugu yake. Na wale washindi pia walisukumwa na vyama vya watu wa kwao, siyo kwamba kila kura ilikuwa ya hekima. Lakini muone kile kilichofanywa na ule uchungu. Hakuna aliyeuliza kama ba bugumestre wale walileta maji pa Katuba au mataa pa Ruashi. Na hata kama wangeuliza, wale wanne walikuwa chini ya meya mzungu na serikali ya wazungu, pesa kidogo, nguvu kidogo. Watu wakaacha kazi yao, wakahesabu asili zao. Ile ilikuwa rahisi zaidi, haikuomba faktire yoyote.

Julai 1960 Katanga ikajitenga. Mu 1961 Baluba wakakimbia malupango yao, makumi ya maelfu, wakajikusanya mu kambi chini ya ulinzi wa majeshi ya Umoja wa Mataifa, hapa hapa mjini, mpaka wengi wakapakiwa kurudishwa Kasai mu 1962. Ile njo hema ya Mama. Kisha mu 1992, gavana wa wakati ule, Kyungu wa Kumwanza, na vijana wa JUFERI, neno likawa "bilulu". Watu waliitwa wadudu. Likasi na Kolwezi, familia zililala kwenye stasyo za treni miezi na miezi, mamia ya maelfu waliondoka, wengi walikufia njiani, na wengine hawakuwahi kuiona Kasai kabla ya siku ile. Lubumbashi iliponea kidogo kuliko wale, lakini wazazi wetu wanakumbuka nani alinunua nyumba ya nani, na kwa bei gani.

Mimi simufananishi konseye wetu na watu wa 1992. Ni muuza vyuma anayetaka bwizi iishe na achaguliwe tena. Nilimupelekea maneno haya uso kwa uso kabla ya kuyaandika, na majibu yake yalikuwa na uzito, nitayatoa.

Alisema: hata karte ya elektere inaandika asili, mbona hulalamiki? Alisema pia Tanzania wako na balozi wa nyumba kumi toka zamani, na Kenya, inchi siyo komini, walianzisha Nyumba Kumi mu 2013 kisha shambulio la Westgate. Ni kweli. Kujuana na jirani ni kitu kizuri, na sikatai kaye yenye kolone nne. Mutu akikuja kupanga, chefu wa avenyu amujue jina na kazi, sawa sawa. Lakini karte iko mu mufuko wangu, ninaitoa mimi. Kaye ya konseye iko mukononi mwa jirani yangu, anaisoma bila mimi, usiku, siku ile ambayo kuku wake wamepotea. Na kuna inchi jirani ambayo watawala wale wale Wabeleji waliiandikia ukabila kwenye karte miaka ya 1930. Mu 1994 ile karte ilitosha pa bariere kuamua nani anapita na nani hapiti. Rwanda walilifuta lile neno. Hawakulifuta juu ya adabu.

Akaniuliza tena, na hapa njo nilisikia mutu aliyechoka: "Sasa ulitaka nifanye nini? Sina budget. Bugumestre hanipokei. Watu wananiita usiku, Onorabule, bezi beko huku. Ningebakia nimeangalia?"

Hii ulizo ni ya kweli na inastahili jibu refu kuliko lawama.

Polisi ni ya taifa, haiko ya konseye, hatumuombi akamate watu. Lakini sheria ya 2008 inaipa komini barabara zake, mifereji, masoko, taa za njia, usafi. Munaona? Karibu kila kitu kinachofanya avenyu iwe ya kuogopesha kiko mu ile orodha. Lupango yenye majani, kona isiyo na taa, mufereji uliovunjika ambao unawalazimisha wanawake kupita njia ya nyuma, soko lisilofungwa. Kuhusu pesa, Katiba inasema majimbo yabaki na 40 kwa mia ya mapato ya taifa yanayotoka kwao, na sheria inasema miji, makomini, sekta na sheferi zipate 40 kwa mia ya ile sehemu ya jimbo. Sheria ya mine iliyobadilishwa mu 2018 inaongeza: 15 kwa mia ya redevansi ya mine inakwenda kwa komini au sheferi ambamo shimo linachimbwa. Haiwezekani mutu wa Haut-Katanga aseme hakuna pesa kabisa. Kinachokosekana ni mutu wa kuuliza mbele ya watu: ziliingia ngapi, zilitoka ngapi, na taa ya avenyu yetu iko wapi?

Kuuliza ile njo kazi ya konseye. Inachosha, inaomba barua, inaomba kurudi mara tano kwa mulango uliofungwa, na hakuna atakayekupigia makofi chini ya mwembe. Kaye ya asili haiombi kitu. Fotokopi mia moja, na watu wanaamini umefanya kazi. Njo lawama yangu kwake, na ni hiyo moja: alipokosa kitu cha kuwapa watu, aliwapa jirani yao. Na bugumestre ambaye hakuchaguliwa na mutu alilala vizuri ile usiku, juu hakuna aliyemuuliza juu ya taa.

Nimuongezee lawama ndogo, ya ile siku ya "kuishi pamoja". Miezi miwili kisha kaye, labda alisikia manunguniko, konseye alitengeneza sikukuu mu uwanja wa masomo. Kila kabila lilete ngoma yake, nguo yake, chakula chake. Nilikula vizuri, sitasema uongo. Kulikuwa munkoyo baridi na samaki ya Mweru. Lakini angalieni namna ilivyopangwa: kila mutu chini ya bache yake, na kibao cha kabila juu. Kolone ya tano tena, safari hii na ngoma. Mama wa Kenya hakukuwa na bache ya kukaa. Vijana wa moto hawakualikwa, walikuwa wameshahama. Na lugha ambayo wote tulikuwa tunatumia kuombana chumvi kutoka bache mpaka bache, Kiswahili chetu hiki cha Lubumbashi ambacho watu wa Dar es Salaam wanatucheka nacho, hakikupewa hata dakika moja. Kundi la Mufwankolo lilifanya zaidi kwa kuishi pamoja miaka ile, kwa kutuchekesha wote mu luga moja, kila mutu akimutambua muke wake na bosi wake ndani ya mchezo, bila kibao.

Nilipokuwa pale ninakula, mawazo ya agronomu yakanishika, munisamehe. Mihogo ilitoka Amerika. Mahindi ya bukari, Amerika. Mwembe ambao chini yake tulipiga makofi juu ya "wenyeji" asili yake ni upande wa India. Eukaliptusi yote munayoona kwenye njia ya shamba, Australia. Mu kolone ya tano, karibu kila kitu kilichokuwa kwenye sahani yangu kingekamatwa usiku. Nilimwambia konseye hii, akacheka sana, akaniambia niiseme kwenye mikrofoni. Sikuisema. Ilikuwa rahisi kuisema kwake kuliko kusimama mbele ya wale watu na kusema: ile karatasi ni mimi niliipanga, muirudishe.

Nitasema hapa basi. Kama uko na fotokopi yenye kolone tano, ilitoka kwa komputa yangu. Nimeshapanga ingine ya kolone nne: namba, mwenye nyumba, wapangaji, kazi na telefone. Chini nimeweka meza ndogo ya kuandika taa zilizokufa, mifereji iliyovunjika na malupango yasiyo na mwenyewe, na nafasi ya kuandika tarehe ambayo komini iliambiwa. Mu avenyu yetu tumeandika kumi na moja mpaka sasa. Nimempelekea konseye kopi mbili, moja yake, moja apeleke kwa bugumestre na aombe kashe ya kupokea. Ya kwanza aliichukua. Ya pili alisema niingojee.

Kaye ya zamani iko bado kwa chefu wa kartie, juu ya kabati, chini ya radio. Nimemuomba mara mbili. Anasema Onorabule njo alimupa, Onorabule njo aje aichukue. Jumamosi iko salongo. Nitapita tena na Mama wa Kenya, ambaye amesema anataka kwenda mwenyewe, na kalamu yake.